Moshi, vumbi na moyo: jinsi ya kupanga jiko, matembezi na miti ya uani mjini Mtwara na Lindi

Mkazi wa Mtwara akiulizwa hewa chafu inatoka wapi, mara nyingi atanyoosha kidole kwenye malori ya makaa ya mawe yanayopita Mikindani kwenda bandarini. Hakosei. Lakini lori hupita likaenda zake, ilhali jiko la kuni liko hatua mbili kutoka kifuani mwa mpishi, asubuhi, mchana na jioni, mwaka mzima. Kwa hiyo maelekezo haya yanaanza jikoni, yanatoka barabarani, kisha yanafika kwenye mti. Ukiugeuza mpangilio huo, ukapanda miti kumi huku banda la jiko likiendelea kufuka, moyo utapata kivuli tu.

Moshi unaufikiaje moyo

Chembe za hatari ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziandika PM2.5. Unene wa unywele mmoja ni zaidi ya mara ishirini ya chembe hiyo. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa puani na kooni, ukalipenga au ukalikohoa. Hizi ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kuliko zote huvuka zikaingia kwenye damu. Mwili huzipokea kama adui. Kinga huamka na kuta za mishipa huvimba kwa ndani, damu huwa rahisi kuganda, na neva zinazoongoza mapigo huikaza mishipa, presha ikapanda. Uvimbe wa kuta hujengeka kwa miaka. Damu kuganda na mishipa kukaza huweza kutokea ndani ya saa chache, na ndiyo sababu mtu ambaye mishipa yake imeshaanza kuziba anaweza kushikwa na moyo siku ileile aliyovuta moshi mzito. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, katika vifo vya mapema vilivyotokana na hewa chafu ya nje, takriban asilimia 68 vilikuwa vya ugonjwa wa moyo na kiharusi. Wengi hudhani moshi ni habari ya kikohozi na pumu pekee.

Shirika hilohilo lilishusha viwango vyake mwaka 2021: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Banda la kuni lisilopitisha hewa hufika mamia, na wakati wa kuwasha moto linaweza kuvuka elfu moja.

Kuna jambo ambalo wauza majiko banifu hawapendi kulitaja: nafuu ya moyo haiendi sawasawa na kupungua kwa moshi. Kushuka kutoka 400 hadi 200 kunasaidia kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya nafuu iko kwenye ngazi za chini kabisa. Familia inayonunua jiko banifu na kuendelea kupika mbaazi kwenye mafiga matatu imeokoa kuni, na hilo ni jema kwa mfuko, lakini mishipa ya mpishi haijapona.

Kabla ya kubadili chochote, pima presha

Pima asubuhi na jioni kwa siku saba, uandike kwenye daftari. Kaa kitini dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote chini, haja ndogo umeshamaliza. Nusu saa kabla ya hapo usiwe umekunywa kahawa, umevuta sigara wala umetoka kutwanga. Funga kitambaa cha kipimo kwenye mkono ulio wazi, si juu ya shati, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia namba itapanda kwa uongo, na kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hufanya vivyo hivyo. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Tupa vipimo vya siku ya kwanza kwa sababu hofu huvichafua, kisha tafuta wastani wa siku sita zilizobaki. Ukiwa 135 kwa 85 au zaidi nyumbani, nenda zahanati. Kwenye kipimo cha kliniki mpaka unaotumika ni 140 kwa 90.

Rudia wiki hiyo ya vipimo miezi mitatu baada ya kubadili jiko. Usitarajie miujiza, kwani jiko peke yake huishusha presha kidogo, na si kwa kila mtu. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu jikoni hakuna moshi tena.

Na dalili hizi hazisubiri daftari: kifua kubanwa kama kimewekewa gunia, maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi, pumzi kukata. Kwa wanawake na wenye kisukari huweza kuja kama uchovu wa ghafla na kichefuchefu tu. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ni kiharusi. Mgonjwa wa namna hiyo anapelekwa hospitali saa ileile kwa usafiri wowote uliopo, hapewi maziwa wala hasubiri kupambazuke.

Jiko likae wapi

Pwani yetu upepo una ratiba, na ratiba hiyo ndiyo ramani ya nyumba. Kuanzia Aprili hadi Oktoba kusi hutoka kusini-mashariki. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Mchana bahari hupuliza kuja nchi kavu. Ukizijumlisha pepo hizo zote, upande ambao moshi huondoka karibu mwaka mzima ni magharibi ya nyumba. Banda la jiko lijengwe huko, mita tano au zaidi kutoka dirisha la chumba cha kulala. Usiku upepo wa bara hugeuka ukaelekea baharini, na jiko lililoachwa likifuka hurudisha moshi vyumbani. Kwa hiyo magharibi ni sawa mradi moto uzimwe kabla ya kulala.

Kwa kiwanja kidogo cha Magomeni au Chikongola, magharibi yako ni mashariki ya jirani. Hapo hakuna ujanja wa ujenzi utakaotosha, na ni lazima kubadili nishati.

Anayelazimika kuendelea na kuni kwa sasa aache pande mbili za banda wazi. Kuta za pande nyingine zifike usawa wa kiuno, au zikipanda juu ziache nafasi ya sentimita 30 chini ya paa. Mpishi asimame upande unaotoka upepo. Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba kama kifundo cha mkono na zikae chini ya paa miezi mitatu, kwani ukuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake mwenyewe, na kinachobaki ni moshi. Mtoto mgongoni mwa mpishi anavuta hewa ileile ya mpishi, hivyo abebwe na mwingine wakati wa kuwasha.

Mkaa hauna moshi, lakini una sumu

Mkaa umewadanganya wengi kwa kuwa haukeri macho. Unapowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili ya oksijeni. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kusambaza oksijeni kidogo iliyobaki. Mwenye mishipa iliyoziba hushikwa na maumivu ya kifua kwa kiwango ambacho mwenzake mzima hakisikii kabisa.

Washa jiko la mkaa nje, kwenye upepo, usubiri dakika 15 hadi 20 mpaka moshi wa kuwashia uishe na mkaa upate utando wa jivu. Hata baada ya hapo sumu ingali inatoka, kwa hiyo pikia kibarazani. Usiliingize chumbani wakati wa kipupwe kwa ajili ya joto, wala usilifungie ndani usiku ili makaa yasaidie chai ya asubuhi. Makaa yaliyobaki yaweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, yatazima yenyewe kwa kukosa hewa na kesho yatawaka tena.

Gesi: mtungi na bomba si kitu kimoja

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi. Mikoa yetu ina bahati ya pekee: gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay upande wa Mtwara na Songo Songo upande wa Lindi, na baadhi ya nyumba zimeunganishwa na bomba. Wengi bado wanatumia mitungi ya kilo 6 au 15.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni na kujaa kwenye mashimo, hivyo jikoni panahitajika tundu la hewa chini, usawa wa sakafu. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi na hupanda darini, hivyo tundu liwe juu. Fundi aliyezoea mitungi akija kufunga bomba, au kinyume chake, mkumbushe, kwa sababu tundu la upande usiofaa halisaidii kitu.

Kwa mtungi, fuata utaratibu huu kila unapobadilisha:

1. Usimamishe wima mahali tambarare, kipishi kiwe juu ya meza na mtungi uwe chini, umbali wa mpira usiozidi mita moja na nusu.
2. Koroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji, upake kwenye kichwa cha mtungi, kwenye rigyuleta na ncha zote mbili za mpira. Fungua gesi bila kuwasha. Povu likichemka, kuna uvujaji. Usipime kwa kiberiti hata kama jirani amefanya hivyo miaka kumi.
3. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue kipishi.
4. Tazama moto. Bluu ni sawa. Ukiwa wa njano na kuacha masizi chini ya sufuria, vitundu vimeziba kwa uji au mafuta. Vizibue kwa sindano na brashi, la sivyo umelipia gesi unapata moshi.

Gesi huachwa na wengi kwa sababu ya bei ya kujaza, na hiyo bei huliwa zaidi na nafaka ngumu. Mbaazi kavu, kunde na maharage loweka usiku kucha, saa nane hadi kumi, umwage maji. Kisha tumia kapu la joto. Chukua kapu la ukindu linalozidi sufuria kwa sentimita kumi kila upande, lijaze makumbi yaliyochambuliwa au sponji ya godoro kuukuu, tandika kanga mbili juu yake na ushone mto wa kufunika. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 15 hadi 20. Usipunguze, maana maharage mekundu yana sumu inayokufa kwa mchemko wa kweli tu. Funika sufuria, izamishe kapuni bila kuichungulia kwa saa tatu hadi nne, halafu irudishe motoni ichemke tena kabla ya kuunga nazi. Wali huchemshwa dakika tano na kukaa kapuni kama saa moja. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Iliyojaa robo hupoa kabla chakula hakijaiva, na hapo ndipo watu husema kapu halifai.

Mwenye umeme anaweza kutumia jiko la presha la umeme. La lita sita lenye wati 1,000 huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, kwa sababu likishapata presha huzima na kuwaka lenyewe.

Moshi mdogo mdogo ndani ya nyumba

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, inastahili adhabu kubwa kuliko sifa inazopata. Watafiti waliopima mwaka 2003 walikuta koili moja ikiteketea hutoa uzito wa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Kulala nayo kwenye chumba kilichofungwa, kila usiku, ni kuvuta bila kushika sigara. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi hiyo bila moshi. Wavu wa dirishani nao husaidia, kwa kuwa unaruhusu dirisha kubaki wazi.

Udi na ubani haviepukiki kwenye nyumba zetu na hakuna haja ya kuvipiga marufuku. Chetezo kiwekwe sebuleni madirisha yakiwa wazi, nguo zifukizwe kibarazani, na mwenye presha au ugonjwa wa moyo asikae karibu. Harufu nzuri haibadili ukubwa wa chembe.

Taka ndizo aibu ya kila mtaa. Majani ya mwembe yakichomwa saa 12 asubuhi, hewa bado imetulia na moshi hautapanda. Utalala kwenye mtaa hadi upepo wa bahari uamke. Mifuko ya plastiki ndani ya majani hayo huongeza sumu nyingine. Chimba shimo la mita moja kila upande pembeni mwa kiwanja, weka majani kwa tabaka la kiganja, mwagia maji na jivu kidogo au mabaki ya jikoni, kisha majani tena. Geuza kila wiki mbili. Likinuka, limezidi maji, na majani makavu yatalitibu. Likikaa kavu bila kupata joto, limekosa maji. Mbolea hiyo utaihitaji mbele kwenye shimo la mti.

Msimu wa korosho

Kuanzia Juni hadi Agosti au Septemba, salfa hupulizwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Tuseme haki: salfa ya unga huwasha macho na mapafu zaidi ya kuudhi moyo, lakini pafu linalobana huongezea moyo mzigo. Wanaopuliza hufanya alfajiri kwa sababu umande hushika unga kwenye majani na hakuna upepo. Nyumba zilizopakana na mashamba zifunge madirisha saa hizo, zifunike maji, zifungue saa tatu. Mwenye pumu au moyo asibebe pampu. Mifuko mitupu ya salfa isichomwe kamwe, kwani salfa ikiungua hugeuka dioksidi ya salfa, hewa inayokata pumzi.

Kubangua kwa kuchoma kwenye bati lenye matundu ni kazi nyingine ya kufanyia mbali, mita 20 au zaidi na nyumba, upande unakoelekea upepo. Maganda yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake huwasha vivyo hivyo kifuani. Yasitumike kama kuni za nyumbani hata yakiwa ya bure.

Barakoa? Kanga mdomoni huzuia vumbi la kuonekana tu. Barakoa ya N95 au FFP2 huchuja angalau asilimia 94 ya chembe ndogo, lakini kwa sharti la kubana: bana waya wa puani, puliza kwa nguvu, na ukisikia hewa ikitoka pembeni mwa macho haijakaa. Kwenye ndevu haibani.

Saa na njia ya matembezi

Moyo unahitaji dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kasi, yaani nusu saa siku tano. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuzungumza nayo lakini huwezi kuimbia. Swali ni wapi. Huko London watafiti waliwatembeza watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi kwa saa mbili, mara ndani ya bustani ya Hyde Park, mara kwenye mtaa wa Oxford Street uliojaa mabasi ya dizeli. Bustanini mishipa yao ililegea na mapafu yakafunguka, na nafuu ikaendelea hadi siku ya pili. Mtaani nafuu hiyo karibu yote ilipotea, ingawa hatua zilikuwa zilezile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018.

Kwa Mtwara maana yake ni kwamba barabara kuu ya kwenda Mikindani na Mingoyo si uwanja wa mazoezi, hata kama ndiyo yenye lami nzuri. Moshi wa dizeli huwa mkali ukingoni na hupungua haraka ndani ya mita 50 hadi 150. Ingia mitaa ya ndani, au shuka ufukweni Shangani. Kwa Lindi, fuata ukingo wa ghuba. Ikibidi kupita barabara kuu, tembea upande unaotoka upepo: wakati wa kusi upande wa kusini wa barabara, wakati wa kaskazi upande wa kaskazini. Bodaboda zilizosimama zikiunguruma na malori yanayopanda mlima hujaza moshi mahali pamoja, hivyo epuka vituo na vilima.

Kuhusu saa, wengi husifia alfajiri. Ni kweli kuna baridi, lakini hewa imetulia na moshi wa vitafunwa, taka na majiko umelala chini. Ufukweni alfajiri haina tatizo kubwa. Katikati ya mji bora saa 11 jioni, upepo wa bahari ukiwa umefagia mitaa kutwa, kabla majiko ya chipsi na pweza hayajawashwa. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mashamba yanapochomwa, siku ukiona ukungu wa kahawia na harufu ya majani, fanya mazoezi ndani au ahirisha.

Vipimo vidogo vya hewa vya miale ya leza vinapatikana, na vinasaidia kulinganisha jikoni na sebuleni. Tahadhari moja kwa watu wa pwani: unyevu ukizidi asilimia 80, kama alfajiri zetu nyingi, chembe hunyonya maji na kipimo husoma juu kuliko ukweli. Amini usomaji wa mchana.

Mti: unafanya nini na haufanyi nini

Majani hunasa vumbi, lakini kwa mji mzima hupunguza PM2.5 kwa asilimia chache tu. Kazi kubwa ya mti ni nyingine: unapunguza joto, unapunguza kelele, na unamfanya mtu atoke kutembea. Novemba na Desemba, kabla mvua hazijashika, moyo hufanya kazi ya ziada kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe, na anayetumia dawa za presha za kukojoza hupungukiwa maji upesi. Kivuli hapo si anasa. Mjini Louisville, Marekani, mradi mmoja ulipanda miti na vichaka zaidi ya 8,000 kwenye mitaa iliyopakana na barabara kubwa. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wakazi wa mitaa hiyo walikuwa na kiashiria cha uvimbe kwenye damu kilicho chini kwa asilimia 13 hadi 20 kuliko majirani wasiopandiwa. Ilikuwa miti mikubwa tayari, si miche ya kupiga nayo picha.

Mahali pa kupanda hutegemea jua. Mtwara iko nyuzi 10 kusini ya ikweta, hivyo kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari jua la mchana huwa upande wa kusini na kuzama kusini-magharibi. Ukuta unaochemka miezi ya joto ni huo. Mti wa kivuli uwe kusini-magharibi ya nyumba, mita sita kutoka ukutani, mwembe mita nane. Usiuweke kusini-mashariki karibu na dirisha, utaziba kusi. Wala matawi yasifunike banda la jiko, kwani huufunga moshi chini yake. Kosa hilohilo hutokea kwenye mtaa mwembamba wenye magari: matawi yakikutana juu, moshi hukosa pa kutokea. Kando ya barabara yenye magari panda ua mnene kuanzia ardhini hadi mita mbili, wa michongoma au mwarobaini uliopandwa kila mita moja na kukatwa kichwa. Mti mrefu wenye shina tupu chini hauzuii kitu usawa wa pua. Mnyaa huota bila kubembelezwa, lakini utomvu wake huharibu macho, na mahali pa watoto haufai.

Mwembe hutoa kivuli kizito mwaka mzima. Mwarobaini hustahimili mchanga na ukame. Mvinje huvumilia chumvi ya ufukweni. Mkungu una kivuli kipana ila hupukutisha majani yote. Mkorosho ni kivuli kizuri mno, lakini utauletea salfa, kwa hiyo usiuweke kwenye dirisha la chumba. Mnazi usiuhesabu: kivuli kidogo, na dafu likianguka halichagui kichwa.

Chimba shimo Oktoba au Novemba, sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini kushoto. Rudisha ule wa juu ukiuchanganya na debe moja la samadi iliyooza au mbolea ya shimo lako la taka. Samadi mbichi huunguza mizizi. Subiri mvua ziloweshe ardhi hadi kina cha shubiri moja na nusu, kwa kawaida Desemba au Januari. Chana kiriba chote ukitoe. Miche mingi inayokufa mwaka wa pili ukiing'oa utakuta mizizi imejizungusha ndani ya plastiki. Shingo ya mche ibaki usawa uleule iliokuwa nao kiribani. Tengeneza bakuli la udongo kuzunguka mche, upana wa hatua moja, utandaze nyasi au makumbi unene wa sentimita kumi, ukiacha upana wa kiganja kutoka shinani ili mchwa wasipande na shina lisioze. Zungushia makuti siku hiyohiyo. Mbuzi hana subira.

Mche uliopandwa Aprili karibu hakika utakufa Agosti, kwa kuwa mizizi haijapata muda wa kushuka. Hata wa Desemba, kiangazi chake cha kwanza kuanzia Mei hadi Novemba unahitaji lita 20 mara mbili kwa wiki, zimwagwe polepole. Kikombe cha kila jioni hulainisha juu tu, na mizizi hufuata maji juu ikaungua na jua. Kiangazi cha pili mara moja kwa wiki inatosha. Kama unapanda nje ya kiwanja chako, pitia ofisi ya mtaa kwanza na utazame juu: mti uliopandwa chini ya nyaya za umeme utakatwa kichwa kila mwaka, na hautakuwa na kivuli kamwe. Matawi ya chini yaache hadi mwaka wa tatu, yanalisha shina. Baada ya hapo ondoa mawili matatu kila kiangazi, kwa msumeno, mpaka mtu mzima apite chini bila kuinama, kisha weka benchi.